Kupima kompresa ya hidrojeni ya kielektrokemia: jinsi joto, unyevu, shinikizo na mkondo vinavyobadilisha matokeo

Wanaoanza huuliza maswali yale yale. Mbona nikipasha seli volteji inapanda badala ya kushuka? Mbona shinikizo limegota na haliendi mbele? Nimeongeza unyevu kama nilivyoambiwa, mbona mambo yameharibika zaidi? Mwongozo huu unajibu kwa vitendo, kwa seli moja ya sentimita mraba 25 inayopandisha hidrojeni kutoka shinikizo la hewa hadi baa 10. Kompresa hii ni seli yenye utando katikati: hidrojeni inaingia upande wa anodi, mkondo wa umeme unaivusha, na inatoka upande wa kathodi ikiwa na shinikizo kubwa. Ukiielewa seli moja kwenye baa 10, utaelewa pia mitambo inayojaza matangi ya magari ya baa 350 na 700. Usianzie huko.

Jambo la kushika mapema: karibu kila sharti unalobadilisha linafika kwenye volteji kupitia maji yaliyomo ndani ya utando. Anayesoma volteji bila kujua maji yako wapi anabahatisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Seli ya cm² 25 iliyotengenezwa kwa ajili ya tofauti ya shinikizo. Seli ya kawaida ya fyueli seli (ile inayozalisha umeme kwa hidrojeni) haifai. Tofauti ya baa 9 juu ya cm² 25 inausukuma utando kwa nguvu ya niutoni 2,250, yaani kama umeulalia kwa magunia mawili ya mahindi na debe juu yake. Utando husukumwa kuelekea anodi, kwa hiyo upande wa anodi lazima uwe na bamba gumu lenye vitundu vidogo, la chembe za metali zilizoshikamanishwa kwa joto. Karatasi ya kaboni peke yake itasagika.
- Utando wa Nafion 117, plastiki inayopitisha protoni (mikromita 183), wenye kichocheo cha platinamu juu ya kaboni pande zote mbili. Nafion 212 (mikromita 51) ina ukinzani mdogo zaidi, lakini inavujisha gesi zaidi ya mara tatu na kutoboka ni rahisi. Kwa anayeanza, 117.
- Hidrojeni ya usafi wa 99.999%, naitrojeni, na regyuleta (kipunguza shinikizo) ya kila mtungi.
- Kidhibiti cha mtiririko cha mililita 0 hadi 500 kwa dakika.
- Chupa ya viputo yenye hita, kwa ajili ya kuinyevusha gesi, na maji yaliyoondolewa ayoni. Maji ya bomba hata tone usitie.
- Mabomba ya chuma cha pua 316L na fitingi za pete mbili, pamoja na utepe wa kupasha bomba kati ya chupa ya viputo na seli.
- Upande wa kathodi: geji ya shinikizo ya kielektroniki ya baa 0 hadi 16, vali ya kushikilia shinikizo, mtego wa maji, chombo cha mililita 100 kinachostahimili angalau baa 30, na vali ya usalama iliyowekwa baa 12.
- Upande wa anodi: vali ya usalama ya baa 2. Wengi huisahau hii. Utando ukipasuka, baa 10 zote zinakwenda upande uliojengwa kwa baa 1.
- Chanzo cha umeme cha volti 0 hadi 5 na ampia 30, chenye kikomo cha volteji unachoweza kukiweka mwenyewe.
- Multimita ya kusoma sehemu za milivolti, na kipimo cha ukinzani cha mkondo geu wa hezi 1,000, kile kinachotumika kupimia betri.
- Kipimo cha mtiririko cha kiputo cha sabuni.
- Kitambuzi cha hidrojeni kilichofungwa juu ya meza karibu na dari, maana gesi hii hupanda.

Hidrojeni huwaka ikiwa kati ya 4% na 75% ya hewa, cheche usiyoiona inatosha kuiwasha, na mwali wake mchana hauonekani. Kila bomba la kutolea gesi lipeleke nje, juu ya paa. Kufungua dirisha hakutoshi.

Nadharia kidogo, ya kutosha tu

Kwenye anodi hidrojeni inavuliwa elektroni na kuwa protoni. Protoni zinapita kwenye utando, elektroni zinapita kwenye waya, zinakutana kathodi na kuwa hidrojeni tena. Hakuna pistoni. Mkondo ndio pampu: kila ampia moja inavusha mililita 6.97 za hidrojeni kwa dakika, zikihesabiwa kwa nyuzi 0 na shinikizo la angahewa moja. Kama kidhibiti chako kimesawazishwa kwa nyuzi 25, andika 7.6. Ni tofauti ya 9%, na kuna ripoti nzima zimepotoshwa na hiyo.

Volteji unayoisoma ni jumla ya mambo matatu:

- Gharama ya kugandamiza, kwa mlinganyo wa Nernst. Kwa nyuzi 60 ni milivolti 14.35 ukizidisha kwa logi asilia ya uwiano wa shinikizo la hidrojeni la kathodi kwa lile la anodi. Kila shinikizo likizidishwa mara kumi unalipa milivolti 33.
- Ukinzani wa utando na maungio. Nafion 117 iliyolowa vizuri, pamoja na maungio mazuri, ni takriban Ω·cm² 0.2 (omu zikizidishwa kwa eneo la seli). Kwa 0.5 A/cm² (ampia kwa kila sentimita mraba) hiyo ni milivolti 100.
- Elektrodi zenyewe, milivolti 10 hadi 20 hivi zikiwa safi.

Kwa hiyo seli nzuri ikisukuma 0.5 A/cm² hadi baa 10 kwa nyuzi 60 husoma karibu milivolti 150. Nishati kwa kilo moja ya hidrojeni ni kWh 26.6 ukizidisha kwa volti, kisha gawanya kwa sehemu ya gesi inayofika kweli. Hapo ni kama kWh 4 kwa kilo.

Ugandamizaji wenyewe umechukua theluthi moja hata haijafika. Sehemu kubwa imeliwa na utando, na ukinzani wa utando unategemea maji.

Hatua

1. Funga seli.
Pasha utando kwa nyuzi 80, saa moja moja: kwanza kwenye hidrojeni peroksaidi ya 3%, kisha maji safi, kisha asidi ya salfuriki ya 0.5 M (moli 0.5 kwa lita), kisha maji safi tena. Kama umenunua utando uliokwisha kupakwa kichocheo, ruka hatua hiyo, uloweke tu kwenye maji safi. Kaza bolti kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mtindo wa msalaba, ukipanda kidogo kidogo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mchoro wa seli. Ukikaza bolti moja hadi mwisho kabla ya nyingine, gasketi italala upande na seli itavuja mahali ambapo hutapaona.

Kabla ya gesi yoyote, pima kati ya bamba na bamba kwa multimita. Namba inapaswa kupanda na kupita mamia ya omu. Ikiganda kwenye omu chache, nyuzi za kaboni zimetoboa utando na seli ina shoti. Ifungue.

2. Jaribu uvujaji kwa naitrojeni.
Jaza pande zote mbili hadi baa 1.5 kwa pamoja, funga, subiri nusu saa, paka maji ya sabuni kwenye kila fitingi. Ikishika, shusha anodi hadi shinikizo la hewa, pandisha kathodi hadi baa 3, na uangalie kama kuna viputo vinavyotoka kwenye bomba la anodi lililotumbukizwa ndani ya maji. Kiputo kimoja kimoja kwa nadra ni sawa. Mfululizo una maana kuna tundu.

Anodi isizidi kathodi kwa shinikizo. Upande wa kathodi hauna bamba la kuuegemea, na utando ukisukumwa kinyume unabanduka kwenye kichocheo.

3. Ingiza hidrojeni na uhakiki sifuri.
Pitisha naitrojeni dakika 10 kila upande kwa mililita 200 kwa dakika, kisha hidrojeni vivyo hivyo. Unganisha chanya ya chanzo cha umeme na anodi, hasi na kathodi. Weka kikomo cha volteji kwenye volti 0.5.

Kikomo hicho usikipandishe kwa sababu yoyote ya papara. Hidrojeni ikipungua anodi, chanzo cha umeme hakijui. Kitaendelea kudai ampia zile zile, volteji itaruka, na elektroni zitaanza kutolewa na kaboni ya elektrodi yako na maji badala ya hidrojeni. Kaboni inaliwa, oksijeni inatokea ndani ya hidrojeni, na seli haipati kurudi ilivyokuwa.

Waya za kusomea volteji zifungwe moja kwa moja kwenye mabamba ya seli, mbali na waya zinazobeba mkondo. Ukisoma kwenye vituo vya chanzo cha umeme, waya na klipu zenye miliomu 2 tu zitakuongezea milivolti 25 kwa ampia 12.5, yaani 0.5 A/cm² kwa seli hii. Ukikumbuka kwamba kugandamiza mara kumi kunagharimu 33, utaona ubaya wake.

Sasa, hidrojeni pande zote, shinikizo sawa, mkondo umezimwa: multimita isome 0, kosa lisizidi milivolti 1 au 2. Kama inasoma 15, bado kuna hewa au naitrojeni upande mmoja. Endelea kupitisha gesi.

4. Pasha seli kwanza, chupa ya viputo baadaye.
Seli ifike nyuzi 60, bomba la kuingilia nyuzi 65 hadi 70, ndipo chupa ya viputo ipande hadi 60. Ukianza na chupa, mvuke utaingia kwenye seli baridi na kugeuka maji, na utatumia asubuhi yote kuyatoa.

5. Zoeza seli.
Kathodi ikiwa wazi kwa shinikizo la hewa, pitisha hidrojeni mililita 131 kwa dakika (mara 1.5 ya kinachohitajika kwa ampia 12.5), na shikilia 0.2 A/cm², yaani ampia 5, kwa saa kadhaa. Soma ukinzani wa hezi 1,000 kila nusu saa. Utashuka, kisha utatulia. Kwa seli hii utulie karibu na miliomu 8, ambazo ukizizidisha kwa cm² 25 ni Ω·cm² 0.2. Data ya kabla ya hapo usiihifadhi hata kwa kumbukumbu, itakuchanganya.

6. Chora mstari wa msingi.
Kathodi bado wazi. Panda 0.1, 0.2, 0.3 hadi 0.8 A/cm², dakika 15 kila hatua, ukiongeza gesi kulingana na mkondo. Andika volteji, ukinzani, na mtiririko wa kathodi kwa kiputo cha sabuni. Mchoro wa volteji na mkondo unapaswa kuwa karibu mstari ulionyooka, na mwinuko wake ulingane na ukinzani uliousoma pamoja na ziada ndogo. Ukipinda kwenda juu mwishoni, ama anodi inakauka ama gesi haitoshi. Ongeza mtiririko kwanza: ikinyooka, ilikuwa gesi.

7. Panda hadi baa 10 na upime gesi inayorudi.
Kwanza acha mkondo uendelee dakika kadhaa kathodi ikiwa wazi, ili naitrojeni iliyobaki kwenye chombo itoke. Kisha funga vali ya kushikilia shinikizo. Kwa ampia 12.5 chombo cha mililita 100 kitapanda karibu baa 1 kwa dakika. Chombo cha lita moja kingekuweka hapo saa moja na nusu, ndiyo maana nimetaja kidogo.

Ukifika baa 9 kwenye geji (10 kamili), zima mkondo na chomoa waya mmoja wa umeme. Kuchomoa ni lazima. Vyanzo vingine vikizimwa huacha njia ya mkondo, na seli hujigeuza betri ndogo inayorudisha gesi anodi. Ukisoma hapo, utaulaumu utando bure.

Soma vitu viwili. Cha kwanza ni volteji bila mkondo: kwa mtu aliye usawa wa bahari, Dar au Mombasa, gesi ikiwa imeshiba mvuke pande zote, iwe karibu milivolti 36. Nairobi itasoma karibu 39, kwa sababu hewa huko ni kPa 83 hivi badala ya 101 (kPa 100 ni baa 1), na mvuke wa nyuzi 60 unachukua kPa 20 zile zile. Hidrojeni ya anodi inabaki kPa 63 badala ya 81. Kwa hiyo geji isikudanganye: hesabu zote zifanywe kwa shinikizo kamili, la hewa ya mahali ulipo likiwemo.

Cha pili ni kasi ya kushuka kwa shinikizo. Kwa chombo cha mililita 100 kikiwa nyuzi 30, kila baa 1 ni kulomu 766 (ampia mara sekunde). Ikishuka baa 1 kwa dakika 100, gesi inarudi sawa na ampia 0.13, au milliampia 5 kwa cm². Hiyo ni afya kwa utando huu. Ikishuka baa 1 kwa dakika 10, una tundu au fitingi inayovuja. Zungusha sabuni tena kabla ya kufungua seli.

8. Badilisha sharti moja, moja tu.
Rudi kila mara kwenye hali ya msingi: nyuzi 60, chupa nyuzi 60, anodi shinikizo la hewa, kathodi baa 10, 0.5 A/cm². Subiri ukinzani utulie, angalau dakika 40, kabla ya kuandika. Gesi inabadilika kwa sekunde, lakini maji ndani ya utando yanachukua muda wake.

*Joto.* Pandisha seli hadi 70 na uiache chupa kwenye 60, utaona volteji inapanda. Si ajabu: mvuke wa nyuzi 60 ni kPa 19.9, na nyuzi 70 inahitaji 31.2 ili gesi ishibe, kwa hiyo unyevu umeshuka hadi 64%. Kwenye 80 unashuka hadi 42%, na ukinzani utakuwa umezidi maradufu. Pandisha vyote viwili pamoja, na volteji itashuka kweli. Lakini kuna mpaka. Kwenye nyuzi 80 mvuke ni kPa 47, karibu nusu ya gesi yote ya anodi kwa shinikizo la hewa, na hidrojeni inaanza kukosa nafasi. Isitoshe, gesi inayorudi kupitia utando huongezeka mara mbili au zaidi kutoka nyuzi 30 hadi 80. Kwa anodi ya shinikizo la hewa, 60 hadi 65 ndipo pazuri. Ukitaka 80, pandisha shinikizo la anodi kwanza.

*Unyevu.* Hapa ndipo wengi wanapopotea, tukae kidogo. Protoni haziendi peke yake. Kila moja inakokota takriban molekuli moja ya maji kwenye utando uliolowa kwa mvuke, na zaidi ya mbili kwenye utando ulioloa maji yenyewe. Kwa kila moli ya hidrojeni, basi, moli mbili au zaidi za maji zinavutwa kathodi. Chupa ya viputo ya nyuzi 60 inaleta moli 0.25 tu kwa kila moli ya hidrojeni inayoingia. Kwa hesabu hiyo utando ungekauka mara moja.

Haukauki kwa sababu maji yanarudi. Kathodi ikiwa baa 10, gesi inayotoka inaondoka na moli 0.02 tu za mvuke kwa kila moli ya hidrojeni. Maji mengine yote yanabaki pale kama maji, yanasukumwa na baa 9, na kurudi anodi kupitia utando. Ndiyo maana seli ile ile inayolalamika ukavu kathodi ikiwa wazi inaanza kufurika anodi ukishafunga vali. Aliyeongeza unyevu kwenye baa 10 ili kuponya volteji mbaya ameongeza maji kwenye anodi iliyokwisha jaa.

Jinsi ya kutofautisha: ukinzani wa hezi 1,000 ukipanda pamoja na volteji, ni ukavu. Ukinzani ukiwa umetulia lakini volteji inarukaruka, inapanda polepole kisha inaanguka ghafla, ni maji yamezibia njia za gesi. Shusha chupa hadi nyuzi 50, ambapo inaleta moli 0.14 tu kwa kila moli, na ungoje. Kwenye baa 10 mara nyingi volteji itatulia bila ukinzani kupanda.

Pima pia maji ya mtego wa kathodi. Kwa hali ya msingi hesabu inakubali hadi mililita 1 hivi kwa saa, kama maji yote ya ziada yanatokea upande huo. Ukipata kidogo sana na volteji inarukaruka, maji yako anodi.

*Shinikizo la anodi.* Kutoka baa 1 hadi 3 kamili unaokoa karibu milivolti 18 za Nernst, na mvuke unashuka kutoka 20% ya gesi hadi chini ya 7%. Faida safi, ila chupa ile ile sasa inaleta moli 0.07 za maji badala ya 0.25. Kwenye kathodi ya baa 10 utando unaweza kuvumilia kwa maji yanayorudi. Kathodi ikiwa baa 3 au 4 hautavumilia. Kabla ya jaribio hili badilisha vali ya usalama ya anodi iwe ya baa 4 kwenye geji, na hakikisha chupa ya viputo si ya kioo.

*Shinikizo la kathodi.* Ukichora mistari ya volteji na mkondo kwa baa 2, 5 na 10, inapaswa kuwa sambamba, kila mmoja umepanda kwa Nernst tu. Mwinuko ukibadilika, shinikizo halihusiki. Maji ndiyo yamehama.

*Mkondo.* Mkondo mdogo unaonekana nafuu kwa volteji lakini unaliwa na gesi inayorudi. Kwa uvujaji wa milliampia 5, ukisukuma 100 unafikisha 95%, ukisukuma 500 unafikisha 99%, kwa hiyo kwenye baa 10 hutahangaika. Ukienda baa 100 kwa utando huu huu, uvujaji utakuwa karibu 50. Hapo 0.1 A/cm² inapoteza nusu ya gesi na kugharimu kama kWh 5 kwa kilo, 0.5 inagharimu 5.4, na 0.2 inashuka hadi karibu 4.2. Bei nafuu iko katikati, na inasogea kadiri shinikizo linavyopanda. Uvujaji ukilingana na mkondo, shinikizo linagota.

*Usafi wa gesi.* Monoksidi ya kaboni, hata sehemu 10 kwa milioni, inaifunika platinamu chini ya nyuzi 100. Kaboni dioksidi nayo hugeuka kidogo kuwa monoksidi juu ya platinamu, kwa hiyo isihesabiwe kuwa gesi tulivu. Naitrojeni haidhuru kichocheo, inajaa tu anodi ukiifunga mwisho wake. Na upande wa pili: gesi inayotoka kathodi ni safi lakini imelowa, wakati kiwango cha ISO 14687 kwa magari kinaruhusu maji sehemu 5 tu kwa milioni. Kikaushio lazima kiwepo baada ya kompresa.

9. Zima kwa mpangilio.
Shusha mkondo hadi ampia 1, zima hita ya chupa, fungua vali ya kathodi taratibu usizidi baa 1 kwa dakika. Gesi iliyoyeyuka ndani ya utando ikitoka kwa kishindo inafanya malengelenge na kubandua kichocheo. Ukifika shinikizo la hewa zima mkondo, pitisha naitrojeni dakika 10 kila upande, ndipo upoze seli.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mkondo unasimama na gesi ya baa 10 inaanza kurudi anodi. Bomba la kutolea la anodi likiwa wazi hakuna hatari. Likiwa limefungwa, ile vali ya usalama ndiyo inayokulinda. Funga gesi ya kuingia, chomoa waya wa seli, na umeme ukirudi anza upya kutoka hatua ya 4 badala ya kubonyeza tu kitufe.

Ikigoma

- *Shinikizo linagota mapema, baa 5 au 6.* Zima, chomoa waya, pima kasi ya kushuka kama hatua ya 7. Ikiwa kubwa na sabuni haionyeshi kitu, funga gesi ya kuingia na utumbukize bomba la anodi kwenye maji: viputo vinavyozidi shinikizo likipanda ni tundu kwenye utando. Ikiwa ndogo, angalia kama vali ya usalama ya kathodi inapumua mapema.
- *Volteji imegonga 0.5 na mkondo unashuka wenyewe.* Gesi ya anodi haitoshi, au anodi imefurika. Punguza mkondo kwa nusu, ongeza mtiririko mara mbili kwa dakika 5. Ikipona na kurudia baada ya muda, ni maji.
- *Shinikizo la kathodi linashuka chini ya hewa badala ya kupanda.* Umegeuza chanya na hasi. Zima mara moja.
- *Ukinzani unapanda siku hadi siku na unyevu hauusaidii.* Ayoni za metali zimechukua nafasi za protoni ndani ya utando: kalsiamu ya maji ya bomba, au chuma kutoka kwenye bamba lisilopakwa. Badilisha maji ya chupa, kagua mabamba kama yana kutu. Utando huo kwa kawaida haurudi.
- *Volteji imepanda, ukinzani ni ule ule, wala hairukiruki.* Shuku kichocheo kutiwa sumu. Pitisha hidrojeni ya mtungi mwingine safi kwa saa kadhaa kwa mkondo mdogo. Ikishuka polepole, mtungi wa kwanza ndio wenye kosa.
- *Mtiririko wa kathodi unazidi ule wa Faraday, yaani mililita 6.97 kwa kila ampia.* Hauwezekani. Angalia nyuzi za usawazishaji wa kipimo chako, kisha toa mvuke kwenye hesabu: kwenye kiputo cha sabuni cha nyuzi 30, karibu 4% ya ujazo ni maji.
- *Bila mkondo, kwenye baa 10, volteji ni 20 badala ya 36.* Ama geji ya kathodi inasoma juu, ama kuna naitrojeni iliyobaki kwenye chombo. Toa gesi hadi baa 2, panda tena, rudia mara mbili. Ikibaki 20, peleka geji ikasawazishwe.